Usimwambie Asimame Wima

Nyumbani kwetu wanasema mimi ni fundi umeme ninayewaka kabla ya taa. Siwezi kukana. Mimi ni kitinda mimba, nimelelewa na dada anayejua kila kitu, na mtu akinielekeza kwa sauti ya kunifundisha, damu inanipanda mpaka masikioni. Lakini kazi yangu naijua. Miaka kumi na tisa nimepanda ngazi na kupitisha waya kwenye kuta za watu, na sijawahi kufunga taa mahali nikaitwa tena kuja kulaumiwa. Nyumba iliyonitia doa ni ya baba yangu mzazi.

Baba ni fundi cherehani. Nasema "ni" ingawa duka alishalifunga siku nyingi, kwa sababu cherehani ilirudi naye nyumbani, ikawekwa sebuleni karibu na dirisha, na kila siku ya Mungu anaikalia. Mtaa mzima unamwita Bwana Sentimita. Anapima kila kitu. Alipima mlango kabla ya kununua kabati, akapima na kabati kwa kuwa hakuamini kipimo cha muuzaji. Siku shemeji yangu alipokuja kujitambulisha kwetu kama mchumba wa Dada, Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia hana neno naye, ila bega lake la kushoto liko chini kuliko la kulia. Mpaka leo shemeji akipita mbele ya kioo huinua bega.

Katika kusifu, Baba ni bahili wa maneno. Nguo ikiwa nzuri anasema neno moja tu: imekaa. Ikiwa mbaya anasema: umejitahidi. Wanafunzi wake wote walilijua hilo. Ukishaambiwa umejitahidi, unanyoosha mkono, unapokea wembe, unaanza kufumua.

Macho yalianza kumgomea taratibu. Mtoto wa jicho alitolewa, kulia na kushoto, na daktari akaridhika na kazi yake. Kilichobaki, alituambia mimi na Dada tukiwa tumesimama mlangoni kwake, ni uzee wa jicho lenyewe. Linachelewa kuzoea giza, linachelewa kuzoea nuru, na rangi zinazokaribiana linaziona kitu kimoja. Miwani haiwezi kuondoa hilo. Akasema tumsaidie kwa mwanga mzuri nyumbani. Nusura nicheke. Nikamwambia Dada hapo sasa pamefika kwangu, aniachie.

Niliifanya ile kazi kwa siku tatu, kwa mbwembwe zote. Niling'oa balbu za zamani zote isipokuwa ya chumbani kwake, nikafunga darini taa ndefu nyeupe, nne sebuleni, mbili kwenye korido, mbili jikoni, moja bafuni. Kuta nikazipaka rangi nyeupe ya mafuta ili zirudishe mwanga. Jikoni nikamleta fundi wa vigae, tukaweka vigae vyeupe vinavyong'aa hadi ukiinama unaona pua yako. Meza ya chakula nikaitandika plastiki jeupe. Nilipowasha kwa mara ya kwanza, jirani wa mbele alitoka nje kuuliza kama tumefungua duka la dawa.

Baba alisimama katikati ya sebule, mikono nyuma, akipepesa. Akageuka huku, akageuka kule. Kisha akasema, "Umejitahidi, mama."

Nami, kwa kiburi changu, nikachukulia kuwa ni sifa. Nilikusanya vifaa vyangu nikaondoka nikipiga mluzi.

Dalili zilikuwapo, tena nyingi, ila asiyetaka kuona ni mimi mwenye macho mazima. Baba alianza kuvaa kofia yake ya pama ndani ya nyumba. Nilipomuuliza akasema kichwa kinapata baridi, na nje jua lilikuwa linachoma. Nilimkuta siku moja amemimina chai kando ya kikombe, kikombe cheupe juu ya plastiki jeupe, na chai inakwenda zake mezani wakati yeye anangoja kijae. Siku nyingine alisimama kwenye mlango wa jikoni, akakataa kupiga hatua, akauliza nani amemwaga maji. Hapakuwa na maji. Ulikuwa ni mng'ao wa taa zangu juu ya vigae vyangu. Nikamtania kwamba anaogopa kuoga hata kwa miguu, tukacheka wote wawili, yakaisha.

Kisha akaanguka. Ilikuwa Jumanne, mchana kweupe. Kutoka sebuleni kwenda jikoni pana ngazi moja ya kushuka, ngazi ambayo ameishuka miaka arobaini na zaidi, na siku hiyo mguu wake uliikosa. Nilipofika nilimkuta kwenye kiti, kifundo cha mkono kimevimba, na Dada amekwisha kufika anamfunga bandeji. Mfupa ulikuwa mzima, lakini uso wa Dada ulikuwa umekwisha kuamua.

Dada ni mwalimu mkuu na ana sauti ya kutangaza matokeo. Alisema yametosha. Jumamosi ya wiki inayofuata angekuja na shemeji na gari, wamchukue Baba akaishi kwao, kwenye chumba cha mtoto wao aliyekwisha kujitegemea. Nyumba yao ni ghorofa ya tatu. Cherehani isingekwenda, kwa sababu wa chini yao ni watu wa kulalamikia hata kiti kikisogezwa. Aliyasema yote hayo kwa upendo, nakiri, na machozi yalimlengalenga. Baba alitazama mikono yake, akasema sawa.

Hilo "sawa" ndilo lililonitia hofu. Bwana Sentimita hakubali hata urefu wa suruali yake mwenyewe bila kubishana. Mtu kuambiwa aache cherehani yake, nyumba aliyomlilia marehemu mkewe, kiti chake na dirisha lake, halafu aseme sawa kama anayeulizwa habari ya sukari, huyo alikuwa amekata tamaa. Na aliyemfikisha hapo nilikuwa mimi, na taa zangu tisa.

Lakini mimi nikiogopa huwa nawaka. Dada alipokwisha kuondoka nilimgeukia Baba nikamuuliza, kwa sauti ambayo ningeirudisha tumboni kama ingewezekana, kwamba taa zote hizi nilizomfungia, bado tu haoni ngazi?

Alivua pama, akaiweka gotini.

"Mama," akasema, "umenishonea koti bila kunipima."

Nilitoka nimefura. Niliendesha kigari changu cha kazi mpaka kwangu, nikafungua kopo la misumari nikaanza kuipanga kwa ukubwa, kazi isiyo na maana yoyote, nikimjibu Baba kichwani. Miaka kumi na tisa kazini, leo nanyooshewa kidole na fundi nguo. Yeye anajua nini kuhusu umeme? Nilikuwa kwenye misumari ya inchi mbili niliposikia tena lile neno lake, umejitahidi, mama. Nikakaa chini. Ilinichukua wiki mbili kulielewa neno ambalo mwanafunzi wake wa siku ya kwanza angelielewa palepale. Nililia kidogo, nikacheka kidogo, kisha nikalala.

Asubuhi nilikwenda kwake, nikamwamkia, nikamwambia sijui kupima na nimekuja kufundishwa. Hakunichelewesha wala hakunikumbusha nilivyobamiza mlango jana yake. Alitoa shingoni ile futi yake ya njano, iliyofifia namba kwa kushikwashikwa, akanivisha mimi.

"Mteja usimwambie asimame wima," akaanza. "Ukimwambia tu, anabana tumbo, anatunisha kifua, na wewe unamshonea mtu ambaye hayupo. Mpigishe soga. Akijisahau, ndipo umpime."

Nikamuuliza, sasa nitampimaje yeye, na anajua nampima? Akasema hiyo ni shida yangu, akaenda zake chooni.

Basi nikajifanya. Nilimwambia wateja wangu wamepungua wiki hii, nitashinda naye nimsaidie kazi ndogondogo. Nikachukua kapu la nguo zilizofuliwa, nikakaa pembeni nikikunja shuka polepole, nikipiga soga za majirani. Mfukoni nilikuwa na kipande cha chaki yake ya bluu ya kuchorea nguo. Kila alipositasita, alipopapasa au alipogeuza uso, nilingoja apite, kisha nikainuka nikapaweka alama.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuzima taa zangu. Alikwenda ukutani akapapasa kwa kiganja, kushoto, juu, chini, kwa sababu swichi ilikuwa nyeupe na ukuta mweupe. Alipoipata akazima, akavua pama, akashusha pumzi kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Nikachora alama kwenye swichi.

Jikoni alisimama kwenye ukingo wa ngazi, akatanguliza kidole gumba cha mguu, akakishusha kidogokidogo akitafuta sakafu. Cheupe juu, cheupe chini, ngazi haikuwapo. Nikachora alama. Alipoanza kukata kitunguu nilimwashia taa kwa makusudi, nikaona kitu kilichoniumiza. Taa zilikuwa nyuma yake darini, na mwili wake mwenyewe ulikuwa umetupa kivuli juu ya kisu na vidole. Nilimjazia jikoni nuru yote ile, halafu nikamsimamisha kwenye kivuli chake.

Chumbani nilikuwa nimeacha balbu yake ya zamani, hafifu, kwa kuwa nilisema pale ni pa kulala tu. Kila alipotoka chumbani kuingia kwenye korido yenye taa zangu kali, alishika mwimo wa mlango akangoja. Nilimhesabia. Mara ya kwanza nilihesabu mpaka ishirini na tatu kabla macho yake hayajamruhusu kuendelea. Nikachora alama pale kwenye mwimo, nikakuta rangi imekwisha kuchakaa kwa mkono wake.

Siku ya pili alasiri ndipo nilipopata kipimo ambacho sikukitafuta.

Ni lazima nieleze kwamba mlio wa ile cherehani ndio saa yangu. Nikimpigia simu Baba huusikia nyuma ya sauti yake, na nikiusikia najua mambo yako sawa, nakata simu nakwenda kazini. Siku hiyo alikuwa ameketi kwenye cherehani kama kawaida, dirisha likiwa kushoto kwake, na mimi nakunja foronya ileile kwa mara ya tatu. Jua lilipozunguka upande wa pili wa nyumba, alisogeza kiti. Akasogeza tena. Kisha akatulia, akaendelea kukanyaga, na mlio ukaendelea, tak-tak-tak, vilevile. Niliinuka kumpelekea maji. Nikapita nyuma yake nikatupa jicho kwenye sindano.

Haikuwa na uzi. Kitambaa kilikuwa kinapita chini yake na kutoka upande wa pili na vitundu vitupu.

Nilisimama pale na bilauri ya maji. Sijui ameanza lini. Labda miezi. Alikuwa anakanyaga cherehani tupu ili sisi tusikie, ili mimi nikate simu nikiwa na amani. Nilitaka kumshika mabega nimuulize kwa nini hakusema. Lakini mteja alikuwa amejisahau, na kazi yangu ilikuwa kupima. Nikaweka maji mezani, nikachora alama kubwa sakafuni karibu na kiti chake, nikaenda bafuni nikafungua bomba ili asinisikie.

Jioni hiyo nyumba nzima ilikuwa na michoro ya chaki, kuta, miimo, sakafu, kingo za meza, utadhani kitambaa kinachongoja mkasi. Baba alipita kwenye korido, akagusa alama moja, akanusa kidole chake.

"Chaki yangu hiyo," akasema.

Nikamwambia nitamrudishia. Akasema nisikate kabla sijapiga bandi, akaingia kulala.

Kupiga bandi ni kule kushikiza nguo kwa mishono mirefu ya muda, mteja aijaribu kabla hujaishona moja kwa moja. Nikafanya hivyo hivyo. Kwanza nikamwita yule fundi wa vigae, akaja akikuna kichwa kufumua kazi aliyoifanya kwa sifa, tukaweka vigae vya rangi ya udongo visivyong'aa. Ukingo wa ngazi nikaubandika mkanda mpana wa njano. Kuta nikazipaka upya rangi ya maziwa iliyofubaa, na kuzunguka kila swichi nikachora fremu nyeusi. Plastiki jeupe nikalitupa, nikatandika kitambaa cha bluu iliyoiva, vikombe vikaonekana juu yake kutoka mlangoni.

Taa za darini nilizishusha zote. Badala yake nilianza kuzunguka na taa moja ya kubebeka, naiweka hapa, naiweka pale, nashikiza waya kwa gundi ya karatasi tu, namwacha Baba apite, apike, asome kalenda. Akikunja uso nahamisha. Korido ikataka taa ndogo za chini, futi moja kutoka sakafuni, zimefichwa nyuma ya ubao ili balbu yenyewe isimpige machoni bali imulike miguu. Chumbani nikaongeza, koridoni nikapunguza, mpaka akatoka chumbani bila kushika mwimo. Jikoni nikabandika mkanda wa taa chini ya makabati, mbele yake, kivuli kikahamia nyuma kwenye sakafu ambako hakina kazi. Mwanga wote nikauchagua ule wa rangi ya kiini cha yai, kwa sababu ule mweupe wa kibluu ulimfanya atokwe machozi.

Cherehani niliiacha mwisho. Niliogopa. Nilinunua taa ya mezani yenye shingo inayopinda, nikaifunga upande wa kushoto, kwa sababu anatumia mkono wa kulia na taa ya kulia ingemwekea kivuli cha mkono juu ya mshono. Hilo alilijua tangu ujana wake, na mimi sikuwahi kumuuliza. Nikaiinua, nikaishusha, nikaisogeza nyuma ya mstari wa macho yake. Yeye alikuwa ameinamia sindano ya cherehani, uzi mwekundu mkononi, akinung'unika kuhusu mtu aliyemhamishia mkasi. Alijisahau kabisa. Mikono yake ikatunga uzi.

Uliingia mara ya pili ya kujaribu. Nilifungua futi nikapima kutoka kwenye taa mpaka kwenye sindano: sentimita thelathini na nane, kisha nikamrudishia futi yake shingoni. Baba alivuta uzi, akaukata kwa meno, akakanyaga. Akashona mstari mmoja mrefu kwenye kitambaa chakavu, akautoa, akauinamia, akauvuta kwa vidole kuona kama umeshika.

"Imekaa," akasema.

Nimepewa vyeti viwili na barua za shukrani katika maisha yangu, na sikumbuki vimewekwa wapi.

Jumamosi ilifika na Baba alikuwa amefunga sanduku lake mwenyewe, Ijumaa, bila kuambiwa na mtu. Nililikuta mlangoni limesimama. Nilimuuliza limefuata nini pale. Akasema dada yangu ni mkubwa, amesema, na yeye hataki watoto wake wagombane kwa ajili ya kiti na cherehani. Kama Dada ataona inafaa, sawa. Kama hataona, sawa pia. Na mimi nisimpigie kelele. Nikaahidi, ingawa wote wawili tulijua ahadi zangu za kutopiga kelele zina umri gani.

Dada aliingia saa kumi na moja na nusu, shemeji akibaki kugeuza gari. Alikuwa amevaa sketi nyeusi ndefu, ya kazini. Alipita kwenye korido akija kwetu haraka haraka, kwa mwendo wake wa kukagua madarasa, zile taa za chini zikimmulika miguuni. Kabla hajamaliza kumwamkia Baba, Baba alikuwa anamtazama chini.

"Upindo umefumuka," akamwambia. "Nyuma, kulia. Utakuangusha."

Dada akajigeuza, akashika sketi, akatafuta. Ulikuwa umefumuka kweli, kiganja kizima, labda umenaswa na mlango wa gari. Nilimwona akimtazama Baba, kisha akitazama korido alikotoka, kisha akinitazama mimi. Nikaangalia dari. Nilikuwa nimeahidi.

Baba akamwambia avue, ampe. Dada akasema haina haja, ataishona nyumbani. Baba akanyoosha mkono tu, mkono uleule uliovimba wiki iliyopita, akangoja. Dada akaenda chumbani akarudi amejifunga shuka.

Hapo roho ilikuwa juu. Kitambaa cheusi kwa uzi mweusi, hakuna kigumu kuliko hicho kwa macho ya zamani, na hatukuwa tumekijaribu. Ningemwomba atumie uzi wa rangi nyingine, lakini nani wa kumwambia Bwana Sentimita ashonee nyeusi kwa kijani? Alikaa kwenye kiti chake, akawasha taa, akatandika foronya nyeupe mapajani na juu yake akaweka upindo. Akachukua uzi, akainua sindano mbele ya foronya. Dada akainuka kwenda kumtungia. Nikamkanyaga mguu, polepole lakini kwa uzito, akakaa.

Uzi uliingia mara ya tatu. Kisha akashona kwa mkono, bila haraka, akiongea na shemeji aliyekwisha kuingia, akimuuliza bega lake linaendeleaje. Shemeji akaliinua. Tulisikia uzi ukipita kwenye kitambaa, na mimi nilijikuta nahema kwa mapigo yake. Alipomaliza alifunga fundo, akakata, akampa Dada sketi.

Dada alirudi nayo kwenye kochi la pembeni, mbali na taa. Akageuza upindo, akauleta karibu na pua. Akaurudisha nyuma mkono ukanyooka. Akaupeleka kwenye dirisha, akaurudisha.

"Baba," akasema, "umeshonea wapi? Mbona sioni kitu?"

Nilimtazama Baba na nikajua alikuwa amekwisha kuona. Alikuwa amemwacha kwenye lile kochi kwa makusudi.

"Njoo ukae hapa," akamwambia, akamwachia kiti chake.

Dada akakaa kwenye cherehani, taa ikiwa kushoto kwake. Akainama. Mishono ilikuwa pale, midogo, imelala sambamba, nyuzi mbili tu za kitambaa kwa kila mchomo. Alipitisha kidole juu yake mwanzo hadi mwisho. Kisha akasema kitu ambacho dada yangu, mwenye sauti ya kutangaza matokeo, alikisema taratibu hadi shemeji akaacha kuchezea funguo. Alisema nyumbani kwake hana mahali anapoona namna hii. Madaftari ya walimu anayasahihisha dirishani, na siku za mawingu husingizia kichwa kinamuuma. Karatasi za dawa zake anasomewa.

"Na wewe ulitaka kuniweka huko," Baba akasema.

Hakusema kwa ubaya. Dada akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya shuka, na mimi nilimpenda dada yangu wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda, hata siku zile aliponibeba mgongoni kunipeleka shule. Aliinuka, akaenda mlangoni, akabeba sanduku la Baba. Shemeji akataka kumpokea akalitie garini. Dada akampita, akaingia nalo kwenye korido, na tukasikia kabati la chumbani likifunguliwa na nguo zikirudishwa mahali pake. Kisha tukamsikia jikoni akiteka maji ya chai, ameshuka ngazi bila kuuliza ilipo.

Baba alikaa kwenye kiti chake. Kutoka pale tulimwona Dada kwa upande, amesimama mbele ya kabati, nje kidogo ya mwanga wa mkanda, ameshika kopo. Akalileta karibu. Akalipeleka mbali. Akasogea hatua moja kwenye mwanga, akasoma, akatabasamu peke yake.

Baba akavua futi shingoni, akanivisha.

"Mpime dada yako," akaninong'oneza. "Ila usimwambie asimame wima."

Nikaingiza mkono mfukoni, nikatafuta chaki.